Harusi Isizae Deni

Kila mwaka, mwezi wa Shaaban unapoingia, na kisha baada ya Idi na baada ya Pasaka, mitaa ya mkoa wetu wa Tanga hujaa sauti za matarumbeta na vigelegele. Kutoka Ngamiani na Chumbageni hadi Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto, vijana huoana, na wazee hufurahi kuona ukoo unaendelea. Hili ni jambo la kheri. Wote waliokwisha kufunga ndoa, na wale wanaojiandaa kufunga, tunawaombea maisha mema yenye masikilizano.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi, ingawa baadhi ya wasomaji wetu huenda lisiwapendeze. Harusi nyingi za siku hizi huzaa deni kabla hazijazaa mtoto. Bwana na bibi harusi hutoka ukumbini usiku wa manane wakipigiwa makofi, na asubuhi huamshwa na simu ya mwenye ukumbi, ya mpishi na ya mpambaji, kila mmoja akidai haki yake. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Onyo hilo tumelizoea mno masikioni hata tumeacha kulitia moyoni.

Tungependa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuupingi utaratibu wa kuchangiana. Kuchangiana ni kufaana, na kufaana ni msingi wa maisha yetu. Wazee wetu wa milimani walikuwa na msaragambo, ambapo kijiji kizima kilitoka kulima barabara au kujenga nyumba ya mwenzao. Huku pwani, mwenye shughuli alisaidiwa kwa mchele, nazi, kuni na mikono ya watu. Jirani huyu alileta pishi ya mchele, yule alileta kuku wawili, na asiyekuwa na kitu alikuja alfajiri kukuna nazi na kuchambua mchele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari, sabuni na khanga zilipokuwa adimu madukani, watu hawakuacha kuoana. Walioana kwa kilichopatikana, na wengi wa waliooana wakati ule leo ni mababu na mabibi wenye nyumba zilizosimama imara.

Tofauti kati ya utaratibu ule na wa sasa ni moja, nayo ni kubwa. Zamani mchango ulikuwa kitu kilichokwisha kuletwa, kikaonekana kwa macho na kupimwa kwa kibaba. Siku hizi mchango ni ahadi. Kamati ya harusi hukutana, mwenyekiti akateuliwa, mweka hazina akashika daftari, na wajumbe wakaanza kutaja: laki moja, laki mbili, nusu milioni. Ahadi hizo hujumlishwa, na jumla yake ikaitwa bajeti. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Ahadi ni deni, na hakuna anayelikana neno hilo. Lakini katika harusi zetu anayeahidi na asitoe hatozwi chochote, na deni lake humwangukia mwenye shughuli.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Hesabu hizi ni za kupigia mfano tu, na kila msomaji anaweza kuzibadilisha kulingana na bei za mahali pake. Kamati yenye wajumbe na wachangiaji 90 inapata ahadi ya Sh. 100,000 kwa kila mmoja, yaani Sh. 9,000,000. Mara moja inapanga matumizi ya fedha hizo zote: ukumbi Sh. 1,500,000, chakula cha wageni 300 kwa Sh. 15,000 kila sahani, yaani Sh. 4,500,000; mapambo Sh. 1,200,000, muziki na mshereheshaji Sh. 800,000, picha Sh. 700,000, na magari Sh. 300,000. Hesabu imekaa sawa kwenye karatasi, na wajumbe wanaagana kwa furaha.

Siku ya mkesha mweka hazina anafungua daftari. Kati ya wale 90, waliotoa ni 60. Mmoja amefiwa, mwingine mshahara umechelewa, mwingine hapokei simu. Fedha iliyopo ni Sh. 6,000,000, na ukumbi umekwisha kupambwa. Sh. 3,000,000 zitatoka wapi? Baba ataweka rehani shamba la minazi, au mama ataliendea kundi lake la VICOBA, au bwana harusi mwenyewe ataingia katika mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Ikiwa wanandoa hao wanaweza kuweka kando Sh. 150,000 kila mwezi, watalipa deni hilo kwa miezi 20, bila kuhesabu riba. Mtoto wao wa kwanza atazaliwa, atatambaa na pengine atatembea, wazazi wake wakiwa bado wanalipia pilau iliyoliwa na watu wasiowajua hata kwa majina.

Tena harusi siku hizi si moja. Kuna siku ya kuvalishana pete, kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna nikahi au ibada, kisha ukumbini. Kila moja ina kamati yake, sare yake na kadi yake. Hatudharau asili ya mambo haya. Kicheni pati imechukua nafasi ya kumfunda mwari, kazi iliyofanywa na somo na makungwi kwa faragha na kwa gharama ndogo, na mafunzo yale yalikuwa na maana kubwa. Lakini tujiulize kwa haki: mwari anafundwa nini siku hizi, ikiwa sehemu kubwa ya saa hizo hupita katika kutunza zawadi za vyombo na kupiga picha? Na yule shangazi mkulima aliyemlea binti huyo miaka mitano, ambaye hana fedha ya kununua kadi, ataketi wapi?

Madhara hayaishii kwa waliooana. Yako makubwa zaidi kwa wale wasiooana kabisa. Wapo vijana wengi, waadilifu na wachapa kazi, ambao wamechumbia, wazazi wameridhia, na bado wanaahirisha ndoa mwaka hadi mwaka kwa kuwa hawajapata fedha ya harusi. Hatimaye huanza kuishi pamoja bila ndoa, na watoto wakazaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 160, imeweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na jamii. Lakini dhana ni jambo linaloweza kubishaniwa mahakamani. Mume akifa, mwanamke asiye na hati ya ndoa atalazimika kuleta mashahidi ili kuthibitisha kuwa alikuwa mke, huku shemeji zake wakihesabu mabati ya nyumba. Mwanamke huyo amenyimwa hati kwa sababu ya ukumbi na keki. Hili si jambo dogo, na ndilo hasa lililotufanya tuishike kalamu leo.

Kwa hiyo hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo tumevichanganya: ndoa na sherehe ya ndoa. Sheria hiyo ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ndoa ya kimila na ndoa ya kiserikali, ambayo wengi wetu tunaiita ndoa ya Bomani kwa kuwa hufungwa katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Inataka wanaooana waridhie kwa hiari yao, nia yao itangazwe, kwa kawaida siku 21 kabla, wawepo mashahidi wasiopungua wawili, na ndoa iandikishwe. Inasema pia kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari au ya kupeana zawadi haikutimizwa. Hakuna mahali ambapo sheria imetaja ukumbi, sare, gari lililopambwa wala keki ya ghorofa tatu.

Dini nazo hazikutaja. Katika Uislamu nikahi husimama kwa walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, pamoja na mahari ya mke. Walima ni sunna njema, lakini tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mtume alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima hata kama ni kwa mbuzi mmoja, na Abdulrahman hakuwa mtu fukara. Israfu tumekatazwa kwa maneno makali katika Suratul Israa. Ndugu zetu Wakristo nao wanaikumbuka harusi ya Kana ya Galilaya katika Injili ya Yohana, ambapo divai iliwaishia wenye shughuli katikati ya karamu. Aibu ya kuishiwa mbele ya wageni, basi, haikuanza leo. Lakini si kila mwenye harusi atatendewa muujiza, na wengi wetu hatuna budi kupiga hesabu mapema.

Katika habari hiyo hiyo ya Kana anatajwa mkuu wa meza, mtu aliyekabidhiwa usimamizi wa karamu. Tumemtaja kwa sababu hivi karibuni imeenea katika miji yetu kazi ya mratibu wa harusi, ambaye wengine humwita mpangaji wa shughuli. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ni anasa ya matajiri na ni kasumba ya kuiga ya wageni. Sisi hatukubaliani nao. Kazi hii tumekuwa nayo siku zote. Pwani yetu haikukosa mpishi mkuu aliyejua, kwa kutazama tu idadi ya majamvi, masufuria mangapi yatatosha. Wala haikukosa mama wa makamo aliyeitwa kila penye shughuli ili agawe kazi, atunze funguo za stoo na aamue nani aandaliwe kwanza. Tofauti ni kwamba mama huyo alilipwa kwa doti ya khanga na dua, na mratibu wa leo hulipwa kwa fedha taslimu. Usione vyaelea, vimeundwa; na muundaji anastahili ujira wake.

Mratibu mwema ana faida ya kweli kwa watu wa kipato kidogo, pengine kuliko kwa matajiri. Anajua ukumbi upi hupunguza bei siku za katikati ya wiki au mchana. Anajua mpambaji yupi anatoza vitambaa mara mbili. Anajua kwamba kwa kawaida kilo moja ya mchele hulisha watu saba au wanane, hivyo wageni 200 wanahitaji kilo 25 hadi 30 hivi, na hatakubali mpishi aandike kilo 50. Siku yenyewe husimamia ratiba ili wazazi waketi na wageni wao badala ya kukimbilia jikoni. Kwa familia ambayo ndugu zake wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mtu wa namna hii anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko anazolipwa.

Lakini mratibu huyo huyo akiajiriwa bila masharti anaweza kuwa mlango mwingine wa ubadhirifu. Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu wazingatie mambo haya kabla ya kumkabidhi mtu shughuli yao.

Kwanza, aelezwe kiasi cha fedha kilichopo mkononi kabla hajaonyesha picha hata moja ya mapambo. Anayeanza kwa kuonyesha picha anauza tamaa. Anayeanza kwa kuuliza mfuko una kiasi gani anafanya kazi ya uratibu.

Pili, alipwe ada maalumu iliyokubaliwa, wala asilipwe kwa asilimia ya matumizi. Katika mfano wetu wa Sh. 9,000,000, mratibu anayelipwa asilimia 10 atapata Sh. 900,000. Akijitahidi akapunguza gharama kwa Sh. 2,000,000, ujira wake nao utapungua kwa Sh. 200,000. Yaani tumemwekea adhabu kwa kututendea wema! Ni nani atakayejitahidi kwa mpango kama huo?

Tatu, mikataba ya ukumbi, chakula na mapambo iandikwe kwa jina la wenye harusi, na risiti halali zikabidhiwe kwao. Punguzo lolote litakalotolewa na mwenye ukumbi au mpishi ni haki ya wenye harusi. Mratibu anayepokea kamisheni kwa siri kutoka kwa anaowaleta anatumikia mabwana wawili, na mmoja wao hajui.

Nne, yawepo maandishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, lakini makubaliano ya mdomo ni mazito kuyathibitisha pindi watu wanapogombana. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, tarehe ni ipi, malipo yatatolewa kwa awamu ngapi, awamu ya mwisho italipwa baada ya kazi kukamilika, na harusi ikiahirishwa kwa msiba au maradhi amana itarejeshwa kwa kiasi gani.

Tano, waulizwe watu wawili au watatu aliowahi kuwafanyia kazi. Wasiulizwe kama harusi ilipendeza, kwa maana jibu la swali hilo linajulikana. Waulizwe kama ilimalizika ndani ya fedha iliyopangwa, na kama liko deni lililobaki.

Na yeyote asiye na uwezo wa kulipa kazi nzima anaweza kumwajiri mratibu kwa siku ile moja tu, au asimwajiri kabisa. Harusi ya watu 50 nyumbani haihitaji mratibu wa kulipwa. Inahitaji shangazi mmoja mwenye sauti na daftari.

Tukirudi kwenye bajeti yenyewe, kanuni yetu ni fupi: matumizi yapangwe kwa fedha iliyokwisha kukusanywa, si kwa ahadi. Kamati iweke siku ya mwisho ya kupokea michango, tuseme mwezi mmoja kabla ya harusi. Siku hiyo daftari lifungwe, na hapo ndipo idadi ya wageni iamuliwe. Chochote kitakachokuja baadaye kihesabiwe kuwa ni zawadi kwa wanandoa. Asilimia 10 ya matumizi iwekwe kando kwa dharura, kwa maana mvua haiulizi kadi. Fedha zitunzwe katika akaunti inayohitaji saini mbili, wala zisikae katika simu ya mtu mmoja. Baada ya harusi kamati ikutane mara ya mwisho, isome mapato na matumizi mbele ya wachangiaji, na ivunjwe.

Tuupime utaratibu huo kwa mfano wetu. Ile Sh. 6,000,000 iliyopatikana kweli inaweza kuzaa harusi nzuri. Waalikwe watu 120, yaani wale 60 waliochanga na jamaa wa karibu 60, akiwemo shangazi asiye na kadi. Chakula kwa bei ile ile ni Sh. 1,800,000. Badala ya ukumbi, turubai na viti katika uwanja wa nyumbani, Sh. 400,000. Mapambo Sh. 400,000, muziki Sh. 400,000, picha Sh. 400,000 na usafiri Sh. 200,000. Mratibu alipwe Sh. 400,000. Jumla ni Sh. 4,000,000, na akiba ya dharura Sh. 400,000. Wanandoa wataanza maisha wakiwa na Sh. 1,600,000 za kununulia cherehani, mbegu au mabati, badala ya kuanza na deni la Sh. 3,000,000. Msomaji atambue kwamba hatukupunguza ubora wa sahani hata kidogo. Tulichopunguza kwanza ni idadi ya watu, kwa kuwa idadi ya wageni ndiyo baba wa gharama zote: inaamua ukubwa wa mahali, viti, sahani, vinywaji na hata urefu wa vitambaa.

Tunajua yatakayosemwa. Litasemwa neno heshima: kwamba familia fulani haiwezi kuoza binti yake chini ya turubai wakati jirani ameoza ukumbini. Jibu letu ni kwamba heshima ya familia huonekana katika nyumba inayodumu. Wageni husahau rangi ya mapambo kabla ya mwezi kuandama, lakini mdai hasahau. Tena Tanga hii ndiyo iliyokuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyosikika mbali kuliko mipaka ya mkoa wetu, na enzi zao watu walikesha harusini wakiwa wameketi juu ya majamvi na viti vya kuazima. Hakuna aliyesema kwamba walikosa heshima.

Litasemwa pia kwamba aliyewachangia wengine miaka yote ana haki ya kuchangiwa, na kwamba akipunguza sherehe ataonekana amewadhulumu waliomchangia. Haki ya kuchangiwa hatuipingi. Tunalosema ni kwamba mchango ni msaada wa kuanzisha nyumba, wala si bei ya sahani. Ikiwa mchangiaji anahesabu kama fedha yake imerudi kwa nyama na soda, huyo hakuchanga, amenunua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inastahili jibu la heshima. Wapo vijana na akina mama wengi wanaoishi kwa kazi za harusi: wapishi, wapambaji, washonaji, wapiga picha, wapiga matarumbeta. Je, tukipunguza sherehe hatutawanyima riziki? Tumelifikiri jambo hili. Lakini tuwaulize wao wenyewe ni nani huumia kwanza ahadi zisipotimizwa. Mwenye ukumbi hulipwa kabla mlango haujafunguliwa. Anayebaki akidai ni mama aliyekopa mchele dukani ili apike, na kijana aliyekodi vitambaa kwa fedha ya mwingine. Harusi ndogo iliyolipiwa yote ni riziki bora kwa wafanyakazi hawa kuliko harusi kubwa iliyolipiwa nusu.

Katika nchi nyingine Serikali zimelazimika kuingilia kati kwa sheria. Pakistan mwaka 1997 ilipiga marufuku kuandalia wageni chakula harusini, isipokuwa vinywaji tu. Tajikistan mwaka 2007 ilitunga sheria iliyoweka kikomo cha wageni 150 katika harusi. Hatudhani kwamba ni vyema sisi kufika huko. Askari hana kazi katika sufuria ya pilau ya mwananchi, na sheria inayoingia jikoni huzaa rushwa mlangoni. Sisi tulifundishwa kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na maana ya kujitegemea, kwa nyumba kama kwa taifa, ni kupanga kwa kilicho chetu na kuacha kutegemea fedha isiyokuwapo. Jambo linalowezekana kwa makubaliano ya watu wazima halihitaji amri.

Makubaliano hayo, hata hivyo, yanahitaji wa kuyaanzisha, na hapa tunawageukia viongozi. Mara nyingi kiongozi wa Chama, wa Serikali au wa dini ndiye mgeni rasmi wa harusi, na kwa ajili yake tu ukumbi hukodiwa na meza kuu kupambwa. Kiongozi huyo akiwaambia wenye shughuli kwamba atafurahi zaidi kula wali nyumbani kwao, atakuwa amewapunguzia mzigo mkubwa kwa neno moja. Na kiongozi anayeoza mwanawe akumbuke kwamba macho ya kata nzima yako kwake. Akifunga ndoa ya mwanawe msikitini au kanisani, akagawa kahawa, halua na soda, na kualika watu kwa kadiri ya mfuko wake, mwaka unaofuata wananchi kumi watafanya kama yeye bila kuona haya.

Masheikh, mapadri na wachungaji tunawaomba wawaulize wachumba, pamoja na maswali yao ya kawaida, swali hili: mtatoka katika harusi hii na deni kiasi gani? Wazazi tunawaomba wasiwapokonye vijana harusi yao ili kulipiza fahari zao wenyewe. Na ninyi vijana mnaojiandaa, tunawaambia bila kusita: msiahirishe ndoa kwa ajili ya sherehe. Fungeni ndoa, andikisheni, chukueni hati yenu na muitunze. Sherehe inaweza kungoja mavuno, na hata isipofanyika, ndoa yenu ni halali na heshima yenu ni kamili.

Kamati zinazokaa vikao wiki hii zinayo nafasi ya kuanza sasa. Daftari lifunguliwe, ahadi zipigwe mstari, na kihesabiwe kilichomo kwenye sanduku. Hicho ndicho kipimo cha harusi yenu.